Amesafishwa

11 Februari

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, unakula vizuri, na chumba chako cha mjini kina dirisha linalofunguka. Sisi huku hatujambo. Paa la jikoni limezibwa, ingawa fundi aliyeliziba ameacha tundu jipya ili tusimsahau. Jirani wa upande wa pili bado anafuga majogoo wasiojua saa. Kiwanda cha uchapaji bado kinanilipa kwa kutafuta makosa ya watu wengine, kazi ambayo wewe ulisema ningeifanya hata bure. Wiki iliyopita nilinasa kadi za harusi zinazowaomba wageni waje "kuhujumu" sherehe. Bosi akasema tuziache, watu wataelewa. Uvivu wote wa dunia hii hulala chini ya neno hilo: wataelewa.

Sasa nije kwenye lililonikalisha na kalamu. Usinipigie simu kwa jambo hili. Simu yangu siku hizi inanguruma yenyewe, mtaa mzima unamsikia anayeongea, na ya mdogo wako Kasuku huipokea mume wake. Andika.

Mdogo wako ana mimba ya miezi sita na nusu. Unajua mtoto wake wa kwanza alivyoondoka hata jina halijamzoea: alizaliwa mzima, akaanza kuguna kila akivuta pumzi, na kabla ya siku ya pili kwisha tulikuwa tunachimba. Hakuna aliyetuambia sababu. Kwa hiyo safari hii, kliniki ilipotangaza kuna watafiti wanapima wajawazito ili watoto wasife ovyo, Kasuku alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Wakampitisha pamba ya kijiti, akarudi nyumbani na furaha ya mtu aliyenunua bima. Wiki tatu baadaye wakampa kipeperushi. Nakunakilia kama kilivyo:

"Mama mpendwa, umegundulika una wadudu katika njia ya uzazi. Ondoa shaka, shika ushauri wa mtaalamu. Wadudu hawa husafishwa kwa dawa."

Alikisoma mbele ya mkwe wake, maana ndivyo alivyo, hana siri. Tulimwita Kasuku kwa kuwa hajui kufunga mdomo. Mama mkwe akauliza swali moja tu, eti hao wadudu wametoka kwa nani. Tangu jioni ile mume wake, yule fundi wa friji unayempenda, analala sebuleni. Beseni lake la kufulia limetengwa. Kijiko pia. Na Kasuku amenyamaza. Umewahi kumsikia amenyamaza?

Niambie mambo mawili. Mdogo wako anaumwa nini? Na ni bwege gani aliyeandika karatasi hii? Ningemtia mkononi ningemnyoosha kwa wino mwekundu.

Shangazi yako

---

4 Machi

Shangazi, shikamoo.

Pole na paa. Mimi mzima. Chumba kina dirisha, linatazama ukuta wa ofisi nyingine, lakini ni dirisha. Kazini tunashinda tumeinamia sahani za kuoteshea vijidudu, na bado yule mkubwa wetu ananiita "mtu wa lugha" kwa sababu siku ya kwanza nilimsahihishia tangazo la choo. Hiyo ni dhambi yako.

Samahani kwa kuchelewa.

Kasuku haumwi. Tafadhali msomee sehemu hii, na shemeji naye aisikie, na mama yake pia kama atakubali kukaa. Hao wadudu wa kipeperushi ni vijidudu vinavyoishi ndani ya matumbo ya watu wengi, wake kwa waume. Kwa wanawake wengine husogea mpaka njia ya uzazi, vikakaa pale bila fujo. Havitoki kwa mwanamume wa nje. Havitokani na uchafu. Mwanamke anayeoga mara tatu kwa siku anaweza kuwa navyo, na anayekosa maji wiki nzima asiwe navyo. Mama mwenyewe kwa kawaida havimdhuru. Hatari ipo siku ya kuzaa: mtoto anapopita, anaweza kuvivuta au kuvimeza, na kifua chake hakina ubavu wa kupigana navyo. Shangazi, kuguna kule kwa yule wa kwanza, siwezi kusema kwa uhakika, hakuna aliyempima. Lakini ndivyo huwa.

Cha kufanya ni kimoja. Asimeze kitu sasa. Uchungu ukianza tu, aende hospitali mapema, na kabla ya jambo lolote amwambie mkunga kwamba anavyo. Atatundikiwa penisilini mshipani, ikae saa kadhaa kabla ya mtoto kutoka. Basi. Ni dawa ya zamani, rahisi, kila mkunga anaijua.

Juu ya kipeperushi, nadhani aliyekiandika alikuwa na nia njema. Mambo haya yanapita kwenye vikao.

Mwanao

---

21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika, imechoka kama aliyetembea kwa miguu. Nimefurahi kusikia kwamba hata choo cha huko kimeandikwa sawasawa.

Habari za huku ni njema, na ndiyo maana sina raha. Barua yako ilipoingia mlangoni mimi nilikuwa natoka kwa kina Kasuku, ambako nilikaribishwa kwa kicheko. Siku tisa kabla yake Fundi alikuwa amemchukua mkewe mpaka duka la dawa la pale stendi. Akamweleza muuzaji, "Mke wangu ana wadudu wa uzazi, tumeambiwa asafishwe." Muuzaji naye, kama wauzaji wote, hakuwa na swali, alikuwa na rafu. Akampa vidonge vya wiki nzima. Vilipokwisha wakaingia kile chumba cha jirani chenye darubini moja, wakampima mkojo, wakapewa kikaratasi kilichogongwa muhuri: SAFI.

Mwanangu, ungeiona nyumba ile. Beseni limerudi na wenzake. Fundi amerudi chumbani na ameanza kupaka rangi kitanda cha mtoto. Mama mkwe amekichoma kipeperushi jikoni kwa mikono yake ili nuksi itoke, na kikaratasi cha muhuri amekichomeka kwenye kioo cha kabati la vyombo, mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi. Na Kasuku anaongea. Anaongea mpaka unatamani redio.

Nikawasomea barua yako. Nilisoma kwa sauti, kwa kituo, kama ninavyowasomea wapiga chapa. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, akaguna, akasema, "Kwa hiyo kaka yake anataka aende kutangaza hospitali kwamba ni mchafu, na sisi tumeshamsafisha?" Nikamwambia hilo neno uchafu halimo humu. Akasema, "Lilikuwamo kwenye ile nyingine, na ile ilitoka serikalini." Fundi alikuwa anatazama brashi yake.

Kasuku akanisindikiza mpaka njia panda. Akanishika mkono, akasema, "Shangazi, niache kidogo niwe safi." Nikampa barua yako aiweke mwenyewe. Akaniahidi atamwambia mkunga. Ameapa. Nimemwamini, maana nisipomwamini nitafanya nini, nikalale mlangoni kwao?

Lakini nieleze hili: vidonge alivyomeza, je, si vimefanya kazi? Usinijibu kwa vikao.

Shangazi yako

---

8 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Nasalimu kwa haraka. Mimi mzima, mafua tu.

Havijafanya kazi. Naomba nieleweke. Vidonge huvifukuza kwa wiki chache, kisha vinarudi, kwa sababu makao yake ni kwenye matumbo. Hapa maabara tuliwahi kubishana tuviiteje hivi vinavyokaa bila kuumiza. Mmoja wetu akapendekeza "ukoloni wa vijidudu", tukacheka siku nzima. Sasa sicheki. Mkoloni humwondoi kwa kufagia uani. Unapofagia anakwenda kusimama nyuma ya nyumba, akiona umelala anarudi kwenye kiti chake. Na ule mkojo hauonyeshi lolote. Walipima kisima kuulizia habari za mto.

Nimempigia Kasuku mara nne. Anapokea shemeji. Kila mara ananiambia, "Tuko safi, shemeji, tuko safi kabisa." Mara ya mwisho nilimwomba anipe dada yangu, akasema anaoga. Nikamweleza yeye mwenyewe, neno kwa neno. Akasema ameelewa. Akaniuliza friji ya maabara yetu ni ya aina gani.

Wewe ndiye uliyebaki. Uchungu ukianza, uwepo. Usimtegemee mtu kusema jambo ambalo watu wanaomlisha hawataki kulisikia.

Umekishikia bango sana kile kipeperushi. Aliyekiandika hakuandika peke yake, Shangazi, na pengine alitaka kuandika kingine. Tuliache.

Mwanao

---

3 Juni

Mwanangu,

Natumaini mafua yaliisha. Huku mvua zimenyesha vya kutosha, na kile kitundu cha paa kimetimiza ahadi yake. Jirani amechinja jogoo mmoja, waliobaki wamepandisha sauti kwa maombolezo. Kiwandani tumenunua mashine mpya ya kukata karatasi, ambayo tayari imekata kidole cha mtu na haijakata karatasi moja iliyonyooka. Binamu zako wanakusalimu. Mwenye duka la vitabu amefunga, sasa anauza vifuniko vya simu.

Kasuku amejifungua, tarehe ishirini Aprili. Ilikuwa mapema kidogo kuliko walivyomwambia. Mimi nilikuwa nimepelekwa na kiwanda kusimamia chapa ya karatasi za mitihani, tumefungiwa ndani kama ilivyo desturi, simu zimechukuliwa mlangoni. Nilitoka baada ya siku nne.

Fundi amefungua kibanda kipya cha friji karibu na sokoni. Mama mkwe miguu inamsumbua.

Unakula nini siku hizi? Usiwe unashinda na chai.

Shangazi yako

---

15 Juni

Shangazi, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umeniletea salamu za binamu, umenipa habari za majogoo, kidole cha mtu nisiyemjua na miguu ya mama mkwe. Mtoto hukumtaja. Hukusema ni wa kike au wa kiume. Wewe, ambaye ulinirudishia barua yangu ya kwanza kutoka shule ya bweni kwa sababu nilisahau kuulizia paka.

Basi nimejua.

Nimekaa na hasira ambayo sijui niiweke wapi, lakini naijua inakotoka. Inatoka kwenye hospitali zisizo na dawa. Tunapita nchi nzima na pamba zetu, tunahesabu ni wanawake wangapi wanavyo, tunachora michoro ya rangi, wakubwa wanapanda ndege kwenda kuionyesha michoro hiyo kwenye kumbi zenye baridi. Kisha mwanamke yuleyule aliyehesabiwa anafika wodini, anaambiwa penisilini imekwisha, katafute nje. Matokeo yake hata hayaandikwi kwenye kadi yake ya kliniki, kwa kuwa utafiti ni wetu na kadi ni ya wizara. Huo ndio umaskini wenyewe: kujua jina la kinachokuua na kukosa chupa ya kukizuia. Niambie walimwambia dawa imekwisha. Nitaandika, nitapeleka juu, nitamtaja kila anayehusika. Nataka tu uniambie walisemaje.

Na mpe pole zangu Kasuku. Mwambie nitampigia.

Mwanao

---

28 Juni

Mwanangu,

Mimi mzima.

Alikuwa wa kike. Alizaliwa mkubwa, mwenye nywele, akalia kwa sauti iliyowafanya wauguzi wacheke. Usiku uleule akaanza kuguna. Kasuku aliitambua sauti ile kabla mtu yeyote hajaisikia. Alikwisha kuisikia mara moja. Wakamkimbiza chumba cha watoto, wakamchoma walichokuwa nacho, lakini maji yalikwisha kumwagika. Nilipotoka kwenye kifungo changu cha mitihani nilikuta kitanda chenye rangi mpya kimegeuzwa kichwa chini nje ya nyumba.

Umeniomba nikuambie kwamba dawa haikuwepo. Nami nilikuwa naiombea sababu hiyohiyo. Nilikwenda hospitali nikiwa nimejaa kama puto, nimeandaa hotuba kichwani, ya serikali, ya wizi, ya wakubwa wenye tumbo. Unanijua. Mkunga aliyekuwa zamu alinisikiliza nusu ya hotuba, akasimama, akafungua kabati. Penisilini ilikuwepo. Chupa zimepangwa, na mlangoni kabisa, kwa ndani, wamebandika tangazo lililoandikwa kwa mkono: mama yeyote mwenye vijidudu vya utafiti atundikiwe mara afikapo. Kabati halikuwa tupu, mwanangu. Mara moja tu katika maisha yangu ya kugombana na hospitali, kabati halikuwa tupu.

Akanieleza. Kasuku aliingia saa nne asubuhi, mtoto akatoka jioni. Muda ulikuwepo wa kutosha. Mkunga akamuuliza, kama anavyowauliza wote, kama kuna tatizo lolote la kiafya alilowahi kuambiwa. Mama mkwe, aliyekuwa ameshika mfuko wa nguo, akajibu yeye: "Hakuna, tulishasafisha." Mkunga hakuelewa, akadhani wanasema habari za kuoga. Akamgeukia Kasuku, akarudia swali.

Kasuku akamtazama mkwe wake. Akasema, "Niko safi."

Barua yako ilikuwa ndani ya mfuko ule wa nguo, chini ya khanga.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawakusema lolote kuhusu yule anayefichwa, anayesimamiwa, anayeambiwa kwamba mapenzi ya nyumba nzima yako juu ya neno moja na neno hilo ni safi. Ungekuwa wewe ungesema nini? Alikuwa amerudishiwa mume. Alikuwa amerudishiwa kijiko. Sasa utataka nimlaumu mama mkwe, nami nimejaribu, nina kipaji cha kulaumu. Lakini yule mama alisoma alichoandikiwa. Aliambiwa wadudu, akaona uchafu. Aliambiwa husafishwa, akasafisha. Aliambiwa na karatasi yenye nembo. Katika sisi sote, ni yeye pekee aliyetii.

Nimeacha kuvumilia hata salamu. Watoto wa mtaani nikiwauliza "mambo?", wananijibu "safi!", na mimi napitiliza kama nimetukanwa.

Sasa jambo la mwisho. Kila ulipokuwa na mtihani, tangu ukiwa na meno ya maziwa, nilikuwa nakuambia, "Ondoa shaka, shika kalamu." Sijawahi kumsikia binadamu mwingine akilisema, maana nililitunga mimi, jikoni kwangu. Niliposoma "Ondoa shaka, shika ushauri wa mtaalamu", nilijua mwandishi ni nani tangu mwezi wa pili. Nilimwita bwege makusudi. Nilikuwa nangoja aitike.

Barua yako ya kwanza ilichukua wiki tatu. Anayejua jibu haandiki kwa wiki tatu.

Shangazi yako

---

30 Julai

Shangazi, shikamoo.

Sina habari za mimi. Naandika juu ya kazi.

Rasimu ya kwanza ya kile kipeperushi ilikuwa na neno "wapangaji". Ilisema: ndani ya mwili wako kuna wapangaji wadogo ambao hawakuumizi wewe, lakini siku ya kuzaa wanaweza kumuumiza mtoto, usiwafukuze sasa, watarudi, siku ya uchungu mwambie mkunga "ninao". Ilikuwa ndefu. Kikao kikasema ni ndefu. Kikasema akina mama wa kawaida hawataelewa habari za wapangaji, waandikiwe "wadudu", kila mtu anajua wadudu. Kikasema "siku ya kuzaa" iondolewe isije ikawatisha, waende kwa mtaalamu, mtaalamu atawaambia. Wakanipa karatasi niinyooshe lugha. Niliinyoosha. Ilinyooka vizuri. Mkubwa wetu alinipongeza.

Zile wiki tatu nilikuwa naandika maombi kwamba kipeperushi kibadilishwe. Nilitaka nikujibu nikiwa na jibu la kukuonyesha.

Sasa jibu limekuja. Wameniita, wameipokea habari ya Kasuku, bila jina, kama "tukio". Walisikitika kweli, sisemi uongo. Mmoja alitoka nje. Wamekubali maneno yabadilishwe. Lakini vipeperushi vimeshachapwa vingi na fedha za uchapaji zimefungwa kwa mwaka huu. Kwa hiyo vilivyopo vitatumika kwanza mpaka viishe.

Nilimuuliza mwenyekiti vitaisha lini. Akasema inategemea kasi ya wajawazito.

Unajua vizuri kuliko mimi kwamba si neno peke yake. Kuna duka la dawa lisilouliza. Kuna daftari la utafiti na kadi ya kliniki visivyozungumza. Kuna ule muhuri. Nikikusanya vyote napata watu wengi, na bado usiku nasikia neno langu tu. Sikuombi uniambie chochote.

Kasuku hapokei simu. Zamani alikuwa anapokea shemeji. Sasa hapokei mtu.

Mwanao

---

2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Nilipanga nikucheleweshee jibu wiki tatu, makusudi kabisa, nikashindwa kulala na hesabu hiyo, kisha nikachelewa zaidi kwa sababu nyingine nitakayokueleza.

Nimeisoma ile rasimu yako ya wapangaji. Nimeisoma kwa kalamu nyekundu mkononi. Sina pa kuitumia. Ni Kiswahili kizuri kuliko chochote nilichosahihisha mwaka huu, na hiyo ndiyo hasira yangu yote. Ulikuwa nacho mkononi. Watu wanaosema "hawataelewa" hawajawahi kukaa na mwanamke mmoja wa kawaida akiwaeleza jinsi mkopo wa kikundi unavyofanya kazi. Angewaacha wanahesabu vidole. Nusu ya mtaa huu ni wapangaji na nusu nyingine ni wenye nyumba. Hakuna mtu huku asiyejua mpangaji ni nini, asiyejua kwamba humtoi kwa kumwagia maji, na kwamba siku unayotaka chumba kwa ajili ya mwanao ndiyo siku ya kumwambia mwenye mamlaka. Wangeelewa. Wangeelewa kuliko kikao.

Nilikwenda kwa bosi nikataka tuchape chetu, kwa maneno yako. Akaniuliza nembo itakuwa ya nani. Nikasema ya kwangu. Akasema karatasi isiyo na nembo hospitali wataitupa, yenye nembo ya bandia sisi tutatupwa. Nikarudi mezani kwangu kusahihisha kalenda.

Kasuku alikuwa kwangu wakati huo. Anaishi kwangu tangu mwezi wa saba, na rasimu yako aliisikia nikiisoma kwa sauti. Fundi huja kila Jumapili. Hukaa kwenye kiti cha mlangoni, hutengeneza kitu chochote kilichoharibika nyumbani, na hata kisichoharibika, kisha huenda. Sijui itakuwaje kwao. Nilipomaliza kumlaani bosi, Kasuku, ambaye kwa wiki nyingi alikuwa amenisemesha maneno ya kuhesabika, chumvi, kufuli, maji, akaniuliza, "Hao wanawake wanapewa zile karatasi siku gani?"

Nikamwambia Jumatano.

Jumatano akaoga, akavaa, akaenda kliniki. Nilimfuata kwa mbali kama askari kanzu. Akakaa kwenye benchi la wajawazito, yeye asiye na mimba, mikono juu ya mapaja. Akatoka msichana mmoja na kile kipeperushi, anakisoma anatembea, uso unambadilika nikakumbuka uso ninaoujua. Kasuku akamwita aketi. Sikusikia mwanzo. Nilisogea nikasikia mwisho:

"Usimeze kitu. Hata wakikwambia unanuka, usimeze. Siku ikifika, ukiingia mlangoni, kabla hujataja jina lako, sema 'ninao'. Sema hata kama mkweo amekukanyaga mguu."

Msichana akauliza, "Ninao nini?"

"Sema ninao tu. Mkunga anajua."

Ni kweli. Mkunga anajua, nilikwenda kumuuliza. Kasuku alikuwa amefika huko kabla yangu. Sasa kila Jumatano yuko pale. Muuguzi wa utafiti alimfukuza mara mbili, akimwambia haruhusiwi kuzungumza na washiriki. Mara ya tatu Kasuku akamwambia, bila kupandisha sauti, "Mimi ni mshiriki. Nilishiriki mpaka mwisho." Hajafukuzwa tena. Ndiyo sababu barua hii imechelewa: jioni za Jumatano tunarudi amechoka sauti, nami namchemshia maji.

Wiki iliyopita mmoja wao alijifungua. Aliingia mlangoni anapiga kelele "ninao, ninao", wodi nzima ikacheka, wakamtundikia. Mtoto yu mzima. Wamemleta hapa nyumbani Kasuku amwone. Alimshika kwa muda, akasikiliza kifua chake, sikio limelala pale kama mtu anayesikiliza ukuta. Kisha akamrudisha kwa mama yake na kwenda kufua.

Umesema huniombi nikuambie chochote. Basi sikuambii. Endelea kuandika maombi ya kubadilisha karatasi ile, kila wiki, mpaka wachoke kuliona jina lako. Na vipeperushi vilivyobaki, ukipata nafasi ya kuwa karibu navyo, kumbuka kwamba karatasi huungua. Mama mkwe alituonyesha.

Nilimwambia Kasuku kwamba leo nakuandikia. Nikamuuliza kama ana salamu zako. Akaendelea kukamua nguo. Nikangoja, maana zamani alikuwa anataka nimwachie nusu ya karatasi, na bado aandike pembeni, juu, na nyuma ya bahasha. Akaanika. Akaingia ndani.

Kwa hiyo salamu zake hakunipa, nami sikuzizua.

Shangazi yako